Shosho amesema "kidogo tu" na hawezi kushuka ngazi. Mimi naandika nini?

karani_wa_mtaani

Wasee habari za jioni. Nimepata kazi ya muda ya kukusanya data, ile survei ya nyumba kwa nyumba, tulifunzwa siku nne alafu tukatupwa mtaani. Mimi nimepewa Pipeline, hapa Nairobi, na kama umewahi kuingia huko unajua vile mambo iko, gorofa saba nane, lifti hakuna, ngazi nyembamba mpaka mmoja akiwa na mtungi wa maji mwingine lazima arudi nyuma.

Kwa dodoso kuna maswali sita za ulemavu. Kuona, kusikia, kutembea ama kupanda ngazi, kukumbuka ama kutuliza akili kwa kitu, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Kila swali ina majibu nne: hapana hakuna ugumu, ndio ugumu kidogo, ndio ugumu mwingi, siwezi kabisa. Na tuliambiwa hadi tukachoka, neno "ulemavu" lisitoke kwa mdomo wako, wewe soma swali vile iko.

Sasa jana nikafika kwa shosho mmoja gorofa ya tano. Amekaa mlangoni kwa kigoda anachagua maharagwe kwa sinia, na kando yake kuna fimbo, mti wa ufagio tu, chini amefunga kipande cha slipa na waya isiteleze. Tumepiga stori poa sana. Akaniambia mara ya mwisho kuguza chini ilikuwa Pasaka, maji analetewa na kijana wa jirani, kanisa anaskiza kwa redio. Nikamuuliza, una ugumu wa kutembea ama kupanda ngazi? Akasema, "Aah, ni kidogo tu mjukuu wangu, ni uzee." Nikamwangalia, nikaangalia ile fimbo, nikabonyeza kidogo juu ndio amesema hivyo. Lakini usiku nimekosa usingizi. Supavaiza ananiambia andika alichosema, si ulichoona. Kwani hii data ni ya nini kama mtu hajashuka ngazi tangu Pasaka na kwa tableti anaonekana yuko sawa?

Na swali ingine nikiwa hapo. Sensa ya 2009 ilisema watu wenye ulemavu ni asilimia 3.5, ya 2019 ikasema 2.2. Hao wengine walienda wapi? Walipona?

takwimu_kavu

Ndugu, nimefanya hizi kazi miaka mingi, wacha nianze na swali lako la pili kwa sababu ndilo jepesi.

Hawakupona. Waliulizwa tofauti. 2009 watu waliulizwa ni ulemavu wa aina gani mtu anao, kwa hivyo kwanza ukubali kwamba wewe ama mtoto wako ni mlemavu, ndio uchague aina. 2019 ikaingia hiyo seti ya maswali sita unayobeba wewe, na waliohesabiwa ni wa miaka 5 kwenda juu peke yake. Seti yenyewe ni ya Washington Group, kikundi kilichoundwa 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, jina limetoka tu kwa mahali mkutano wa kwanza ulifanyika. Wazo lao lilikuwa kwamba neno "ulemavu" linatisha watu, kila nchi linabeba maana yake, basi tuache jina tuulize kazi za mwili: unaona? unatembea? Halafu hesabu inafanywa ofisini, si mlangoni.

Na hapo ofisini ndipo shosho wako anapotea. Mstari unakatwa kwa "ugumu mwingi". Ukisema mwingi ama siwezi kabisa, hata kwa swali moja tu kati ya hayo sita, umehesabiwa. Ukisema kidogo kwa yote sita, hujahesabiwa. Ndio sensa ya 2019 ikapata watu laki 9 na kitu, ile 2.2. Usiweke hiyo 2.2 kando ya 3.5 ukapiga mstari wa kushuka, ni rula mbili tofauti. Na wale wanaoleta ile asilimia 16 ya dunia ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 wakisema Kenya imedanganya, hiyo nayo ni rula ya tatu, imejengwa kwa hesabu za magonjwa na makadirio, si kwa kugonga mlango.

Kwa shosho: supavaiza yuko sawa nusu. Hubadilishi jibu la mtu kwa sababu umeona fimbo. Ukianza hivyo, kila karani atakuwa daktari, na wewe utamwona mlemavu yule mwenzako hakumwona. Lakini niambie ukweli, ulimsomea majibu yote manne kabla ajibu? Ama uliuliza swali ukasubiri?

Na jambo lingine, hii watu wengi hufunzwa vibaya. Kwa kuona, swali linasema hata ukivaa miwani. Kwa kusikia, hata ukitumia kifaa cha kusikia. Kwa kutembea halisemi hata ukitumia fimbo, na si kusahau. Miwani ikikaa vizuri inarudisha macho karibu yote, fimbo hairudishi miguu. Kwa hivyo anayejibu afikirie akiwa hana fimbo na hajashikwa mkono. Shosho wako bila ile fimbo anafika wapi?

karani_wa_mtaani

@takwimu_kavu weeh. Sikusoma zote. Niliuliza akajibu nikaenda ya kukumbuka. Dodoso ina kurasa kibao na mtu yuko na maharagwe yake, ukianza kumsomea "hapana hakuna ugumu, ndio ugumu kidogo" mara sita anakuangalia kama umerogwa.

Mvita_ndani_ya_SouthC

Mimi nazungumzia lugha kwa sababu naona hapa ndipo penye ugonjwa. Hilo neno "kidogo" nani alilitia? Jamani, "kidogo" kwa Kiswahili si kipimo, ni adabu. Nipe maji kidogo, nawe unaletewa jagi. Ningoje kidogo, saa mbili zapita. Mtu akikwambia "naumwa kidogo" kesho yake mwachangishana pesa za hospitali. Mzee yeyote aliyelelewa vyema ukimuuliza hali atakwambia njema, hata akiwa amelala siku tatu, kisha baadaye ndio aanze "ila hili goti…" Sasa wewe wamwekea mtu ngazi ya majibu na kidato cha pili umekipa jina ambalo kila mstaarabu hulikimbilia. Utawapata wote hapo, mlundikano!

Wenye swali walikusudia kitu cha katikati, baina ya hapana na sana. Mimi ningetia "kiasi". Hapana, kiasi, sana, siwezi kabisa. Na "ugumu" nayo, babangu hajapata kusema "nina ugumu wa kuona" maisha yake yote, husema "macho yanitaabisha" au "sioni vizuri". "Una ugumu" mtu husikia kama waulizwa mtihani wa hesabu.

Ila nakubali kuhusu neno ulemavu kutotajwa. Lugha yetu wenyewe ilishawaweka watu hawa penye ngeli ya ki-vi, ngeli ya vitu, kipofu, kiziwi, kiwete, pamoja na kiti na kikombe. Mtu akishasikia hivyo, atakubali vipi mbele ya karani kijana aje amwandike?

takwimu_kavu

@Mvita uko sawa na sibishi, lakini karani asije akabadilisha maneno mwenyewe mtaani kesho asubuhi. Makarani mia wakitafsiri kila mmoja kwa kipaji chake tutapata survei mia. Mambo kama hayo hujaribiwa kabla, unakaa na watu wachache, unawasomea, halafu unawauliza "ulielewa nini niliposema hivyo?" Hapo ndipo "kidogo" ingekamatwa. Karani, peleka hilo kwa supavaiza kwa maandishi, si kwa mdomo.

kiti_cha_Umoja

Mnaongea vizuri sana lakini wacha mwenye kiti aseme. Mimi natumia kiti cha magurudumu. Nimehesabiwa 2009, nimehesabiwa 2019, hapo katikati wamekuja wa miradi na tableti zao sijui mara ngapi, na wote wanataka kujua miguu yangu ina nini. Miguu yangu haina shida na mtu! Shida yangu ni asubuhi saa kumi na mbili stegi, matatu tano zinapita makanga akiniona anaangalia kando, ya sita inasimama ananiambia kiti kinalipa kama abiria, na nikikubali wananibeba kama gunia la viazi. Nilipata kazi mahali nikaacha wiki ya pili, ofisi iko gorofa ya tatu na lifti "iko kwa matengenezo". Hilo swali lenu liko wapi kwa hizo sita? Mkiandika mimi "siwezi kabisa kutembea" mtasoma shida iko kwangu. Mngeuliza hiyo lifti imekufa tangu lini.

Na sijaona chochote kimebadilika juu ya kuhesabiwa. Tunahesabiwa kama ng'ombe za mnada ambazo hakuna mtu ananunua.

takwimu_kavu

@kiti_cha_Umoja sina jibu la kukufurahisha, ila nikueleze seti hiyo fupi ilitengenezwa kufanya nini, halafu unitukane ukitaka.

Haikuundwa kupima lifti. Ni maswali sita ya kubandikwa kwa survei ingine yoyote, dakika moja na nusu hivi, ili baadaye ugawanye majibu. Yaani kwa dodoso hiyo hiyo kuna kazi, kuna shule, kuna maji. Sasa unachukua wale wa "ugumu mwingi" na wale wengine, unauliza: kati ya hawa wangapi wana kazi, kati ya wale wangapi? Pengo likionekana, hiyo ndiyo lifti yako na makanga wako, kwa namba. Bila hizo sita hujui nani ni nani kwa hiyo jedwali. Lakini ukweli ni kwamba ofisi nyingi huishia kuchapisha ile asilimia peke yake, hawagawanyi kitu, basi inabaki kama mnada wa ng'ombe ulivyosema. Survei zinazouliza mazingira yenyewe zipo, Shirika la Afya Duniani wana moja ndefu inauliza usafiri, nyumba, watu wanaokusaidia, ila ni ghali na inachukua muda, ndio unaiona kwa nadra.

Na wote mkumbuke, hizi sita hazina uhusiano na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi inataka uchunguzi wa hospitali na fomu zake. Kuna watu walimjibu karani wa sensa wakidhani wanaandikishwa msaada, wengine wakakataa kujibu wakidhani watapokonywa kitu.

mama_Junior_Kasa

Mimi wangu ni mfupi lakini unaniuma. Usiku wa sensa 2019 Junior alikuwa na miaka mitatu. Ana usonji, wakati huo tulikuwa tumeshaambiwa. Karani akafika kwa hayo maswali akaniuliza miaka ya mtoto, nikamwambia, akaruka. "Chini ya tano hapana mama." Nikamwambia lakini huyu ndiye… akasema tableti haikubali. Kwa hivyo mtoto wangu yuko kwa ile milioni 47 ya Wakenya lakini kwa ile ya laki 9 hayuko.

Baadaye sana nikaulizwa survei ingine ya watoto, maswali yalikuwa tofauti kabisa, huyu dada alikaa chini kabisa kwa mkeka. Ananiuliza, ukimlinganisha na watoto wa rika lake, ana ugumu wa kujifunza mambo? Mambo yakibadilika ghafla anaweza kukubali? Ana shida kupata marafiki? Nilijibu nikaanza kulia, si ati ananiuliza vibaya, ni vile hakuna mtu alikuwa ameniuliza hiyo ya kubadilika ghafla, na ndio maisha yetu yote, ukibadilisha kikombe cha uji hiyo siku imeisha. Kutembea Junior anakimbia. Kuona anaona sarafu ya shilingi chini ya kitanda. Hizo sita angepita zote labda ya kuwasiliana ndio ingemshika.

takwimu_kavu

@mama_Junior pole na asante kwa kueleza. Hiyo ni dodoso ya watoto, UNICEF na Washington Group waliitoa 2016, moja ya miaka 2 hadi 4 na ingine ya 5 hadi 17, na anaulizwa mama au mlezi. Ilitengenezwa kwa sababu walijua seti fupi inakosa watoto wengi. Miaka miwili mitatu kila mtoto hawezi kuvaa mwenyewe, utasemaje ni ugumu, ndio maana kulinganisha na rika ni lazima. Na hata kwa watu wazima seti fupi haimshiki vizuri mtu mwenye msongo mkubwa wa mawazo au wasiwasi, kuna seti ndefu inaongeza hayo pamoja na maumivu, uchovu na mikono. Ni ile ile shida, ukiongeza maswali unaongeza pesa.

mikono_inaongea

Nimesoma yote nikacheka kwa ile ya kuwasiliana. Mimi ni kiziwi (Mvita, hilo neno mimi nalitumia na sioni haya, bubu ndilo sitaki kusikia). Karani alikuja kwetu, akanisemesha, nikamwonyesha ishara sisikii, nikaenda kuchukua simu nimwandikie. Kurudi nakuta anamuuliza mama wa nyumba ya pili kunihusu. Huyo mama hajui hata jina langu la pili! Niliangalia skrini juu ya bega lake. Kusikia, siwezi kabisa, sawa hiyo ni kweli. Kuwasiliana, amebonyeza siwezi kabisa. Lakini swali linasema kwa kutumia lugha yako ya kawaida. Lugha yangu ya kawaida ni Lugha ya Ishara ya Kenya, iko kwa Katiba, ibara ya 120 inasema ni moja ya lugha tatu rasmi za Bunge. Kwa lugha yangu mimi naongea kuliko huyo mama. Yeye karani ndiye hakuweza kuwasiliana na mimi, angejiandika yeye.

Ndio, najua kwa hesabu ni sawa tu, moja inatosha na nilikuwa nimeshahesabiwa kwa kusikia. Lakini mtu akichukua hiyo data atafute viziwi wanaojua ishara na wale ambao hawajapata lugha yoyote, watoto waliofungiwa ocha bila shule, ataona sisi wote ni kitu kimoja.

Swali kwa aliyeanzisha: wakati unamuuliza huyo shosho, nani mwingine alikuwa hapo?

karani_wa_mtaani

@mikono_inaongea umeniuliza kitu nilikuwa nimesahau kabisa. Keateka, yule msimamizi wa nyumba za kupanga. Ndiye alinipandisha juu kunionyesha nyumba, alafu akasimama tu hapo kwa ngazi akichezea funguo mpaka nikamaliza. Na sasa nakumbuka shosho alisema "ni kidogo tu" akiangalia yeye, si mimi. Manze.

Mvita_ndani_ya_SouthC

Umeona basi. Mpangaji mzee wa gorofa ya tano aseme mbele ya mwenye funguo kwamba hawezi ngazi? Ataambiwa ahame, "mama twakutafutia kwa wanao". Huyo alijibu swali jingine kabisa.

kiti_cha_Umoja

Na wakimhamisha atapelekwa wapi, gorofa ya chini Pipeline ni maduka matupu. Atarudishwa ocha. Ndio unaona sensa inasema mjini ni 1.4 na mashambani 2.6, watu wanasema eti mjini kuna afya. Mjini kuna ngazi.

karani_wa_mtaani

Nimerudi na habari. Bahati yangu ni kwamba dodoso ya shosho haikuwa imetumwa, bando iliniishia juzi ikabaki kwa tableti. Nikamwambia supavaiza ukweli, sikusoma majibu na kulikuwa na mtu wa tatu. Akanikasirikia alafu akaniruhusu nirudie hiyo sehemu, na ile ya "kidogo" akasema niandike kwa barua pepe atapeleka mbele, tutaona.

Nimeenda leo saa mbili asubuhi, keateka akiwa ameenda kushughulikia mambo ya maji. Nimekaa chini kwa ngazi, nimemsomea moja moja zote nne, polepole. Ya kuona ameniuliza "na miwani?" nikasema ndio na miwani, akatoa miwani kwa leso, mkono mmoja umeshikwa na uzi, akavaa akasoma jina ya ile kampuni kwa mkoba wangu, "hapana, sina ugumu." Ya kutembea nikasema, bila hiyo fimbo shosho, na bila kushikwa. Amenyamaza kidogo (haha Mvita, kidogo ya kweli). Akasema rudia ya tatu. Nikarudia. Akasema, "Hiyo. Ugumu mwingi. Lakini huyo wa funguo usimwambie." Nikamwambia hata supavaiza hajui jina lake, na ni kweli.

Alafu akanituma duka, unga na kibiriti, gorofa tano chini gorofa tano juu. Tableti nilimwachia anishikie.

takwimu_kavu

Kila kitu umefanya vizuri isipokuwa hiyo ya mwisho. Tableti haiachwi na mtu, hata shosho.